Timu Iliyotangulia Uwanja Wake: Kisa cha Lake County Fielders mjini Zion

Mwezi Julai 2011, timu ya besiboli ya Lake County Fielders iliingia kucheza na Yuma Scorpions ikiwa imepangwa kinyumenyume. Warushaji wa mpira walisimama kwenye nafasi za walinzi wa uwanja, na wachezaji ambao kazi yao ni kulinda uwanja wakapewa mpira ili waurushe wao. Msomaji asiyeufuatilia mchezo huu afikirie kipa wa soka akipangwa mshambuliaji wa kati na mshambuliaji akivishwa glovu, tena si kwa sababu ya majeruhi bali kwa uamuzi wa benchi la ufundi. Aliyeupanga mpangilio huo ni Pete LaCock, ambaye enzi zake alizichezea Chicago Cubs na Kansas City Royals katika ligi kuu ya Marekani, na ambaye alikuwa ameachiwa timu baada ya kocha mkuu, Tim Johnson, kujiuzulu. Sababu ilikuwa moja tu: wachezaji hawakuwa wamelipwa mishahara yao. Katika mwezi huohuo mtangazaji wa redio wa timu aliwaambia wasikilizaji, matangazo yakiendelea, kwamba naye anadai, kisha akaaga na kuacha kazi.

Kisa hiki kilienea Marekani kwa siku chache kama kichekesho cha magazeti ya michezo, kikasahaulika. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Mechi ya Yuma ilikuwa ni dalili. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingia kabla timu haijarusha mpira wake wa kwanza mwaka 2010, pale mji, wenye timu na serikali ya jimbo walipokubaliana, kila mmoja kwa namna yake, kuihesabu ahadi ya uwanja kama fedha taslimu. Wahenga wetu waliposema kwamba ahadi ni deni walikuwa wakimwonya anayeahidi. Katika kisa cha Zion aliyehitaji onyo zaidi ni anayeahidiwa, kwa sababu alikwenda kukopa kwa dhamana ya maneno ya mwenzake.

Mji wa ziwani usio na ufuko

Zion ni mji mdogo wa jimbo la Illinois, wenye watu wapatao 24,000 kwa sensa ya 2010, ulioko kando ya Ziwa Michigan, takriban kilomita 70 kaskazini ya Chicago na karibu kabisa na mpaka wa Wisconsin. Historia yake haifanani na ya miji jirani. Ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na John Alexander Dowie, mhubiri mzaliwa wa Edinburgh aliyepitia Australia, akajipatia umaarufu Chicago kwa maombi ya uponyaji, kisha akanunua maelfu ya ekari za mashamba ili ajenge mji utakaotawaliwa kwa sheria za Mungu. Ardhi haikuuzwa. Mkazi alipangishwa kiwanja kwa mkataba wa miaka 1,100, yaani miaka 100 ya kumngoja Kristo na miaka 1,000 ya utawala wake, na ndani ya mkataba huo alikubali kwamba katika kiwanja chake hapatakuwa na pombe, tumbaku, nyama ya nguruwe, jumba la maigizo wala daktari. Barabara zilipewa majina ya Biblia, na hadi leo mtu anaweza kuishi mtaa wa Ezekiel akafanya kazi mtaa wa Galilee. Barani Afrika, makanisa mengi ya Kikristo ya kusini yanayojiita ya Zion (Kizayuni) yanaufuata ukoo wake hadi kwa Dowie, aliyemtuma mjumbe wake Daniel Bryant huko mwaka 1904, lakini ni wachache wanaojua kwamba Zion hiyo ya Marekani ni mji wa kawaida wenye maduka, polisi na bajeti inayopwaya.

Bajeti ya Dowie mwenyewe ilipwaya mapema. Alihamishia Zion kiwanda cha lesi kutoka Uingereza, akafungua benki na maduka yaliyoendeshwa na kanisa, akatumia fedha nyingi kuliko zilizoingia, na kufikia 1903 wadai walikuwa wamekwenda mahakamani. Miaka mitatu baadaye msaidizi wake, Wilbur Glenn Voliva, alimpindua Dowie akiwa safarini. Simwingizi Dowie katika habari ya besiboli kwa ajili ya kuipamba. Mji huu umezaliwa katika desturi ya kutangaza jambo kubwa kwanza na kutafuta fedha baadaye, na sidhani kwamba desturi ya namna hiyo huzikwa pamoja na mwanzilishi wake.

Kilichougusa mji wa leo moja kwa moja ni kinu cha nyuklia. Kati ya 1973 na 1974 kampuni ya umeme ya Commonwealth Edison iliwasha mitambo miwili ukingoni mwa ziwa, kila mmoja ukiwa na uwezo unaozidi megawati 1,000. Kwa takriban robo karne kinu hicho kilikuwa mlipaji mkubwa wa kodi ya majengo, na shule, maktaba na idara za mji zilizoea kuishi kwa kodi hiyo. Mwezi Februari 1997 mtambo wa kwanza ulizimwa baada ya waendeshaji kukosea, na mwanzoni mwa 1998 kampuni ikatangaza kwamba mitambo yote miwili haitawashwa tena, miaka 15 kabla ya leseni kumalizika. Thamani ya kinu kwa hesabu za kodi ikaporomoka, na mzigo ukawaangukia wenye nyumba.

Hapo ndipo jiografia inapouma. Mtu akisikia mji wa kando ya Ziwa Michigan hudhani pana ufuko wa hoteli, bandari ya mashua na migahawa ya samaki. Zion haina. Ufuko wake karibu wote ni mali ya jimbo, hifadhi ya Illinois Beach, ambayo ni nzuri kwa macho, ina vilima vya mchanga na mimea adimu, lakini hailipi kodi. Hifadhi hiyo imekatika vipande viwili, kusini na kaskazini, na katikati yake ndipo kilipokuwa kinu kilichozimwa, na ndipo yangali mafuta yake ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, yasiyo na pa kwenda kwa kuwa serikali ya Marekani haijajenga ghala la kudumu la taka hizo. Kwa hiyo mji una ziwa lakini hauwezi kulitumia, na kila mpango wa kukuza uchumi umelazimika kuligeuzia ziwa mgongo na kutazama magharibi, kwenye mashamba na barabara kuu. Huko ndiko uwanja wa besiboli ulikopangiwa.

Hesabu ya timu huru

Ili kulielewa pendekezo lililowafikia viongozi wa Zion, inafaa kutenganisha aina mbili za timu ndogo za besiboli nchini Marekani, kwa sababu wengi, hata huko kwao, huzichanganya. Aina ya kwanza ni zile zilizofungamana na klabu za ligi kuu. Klabu kubwa inawamiliki wachezaji na makocha, inawalipa mishahara, na inamwachia mwenye timu ndogo kazi ya kuuza tiketi, vyakula na matangazo. Timu ya namna hiyo ikipata hasara, mchezaji bado analipwa, kwa kuwa mshahara wake hautoki getini. Aina ya pili ni timu za ligi huru. Huko mwenye timu anabeba kila kitu, kuanzia mshahara wa mrushaji hadi mafuta ya basi, hoteli, mipira na bima, na fedha zote hizo hutoka kwa watu wa mahali hapo wanaokuja kutazama. Wachezaji wengi ni vijana walioachwa na klabu kubwa au waliopita umri wa kuchaguliwa. Wanalipwa kidogo, kwa miezi ya msimu tu, wakitumaini kwamba skauti mmoja, yaani mtafuta vipaji wa klabu kubwa, atawaona.

Fielders walikuwa wa aina hii ya pili. Waliingia Northern League mwaka 2010, ligi ya timu nane iliyokuwa na majirani kama Schaumburg, Joliet, Rockford na Gary, ambao basi liliwafikia kwa saa chache. Jina lao lilitokana na filamu ya 1989 ambamo Kevin Costner alikuwa mkulima wa Iowa aliyefyeka mahindi yake ili ajenge uwanja wa besiboli, na Costner huyohuyo alinunua hisa chache katika klabu. Nembo ilimwonyesha mchezaji akiwa amesimama katikati ya mahindi. Kwa utangazaji ilikuwa bahati kubwa, maana timu changa ya ligi huru haiwezi kununua kwa bei yoyote umaarufu wa aina hiyo. Lakini umaarufu wa mwenye hisa chache haulipi mishahara, na nadhani ulifanya madhara fulani, kwa kuwa uliwafanya watu waamini kwamba nyuma ya timu kuna mfuko mzito kuliko ule uliokuwepo.

Mapato ya timu huru hukaa katika uwanja wenyewe kuliko katika mchezo. Tiketi ni sehemu tu ya biashara. Mwenye timu anahitaji vyumba vya wageni vya kukodisha kwa makampuni, ukuta mrefu wa kubandika matangazo, jiko linaloweza kuhudumia watu elfu kadhaa kwa muda wa mapumziko mafupi, bia, maegesho, duka la kofia na jezi, na jina la uwanja la kumuuzia mdhamini kwa miaka kadhaa. Familia inayoendesha gari dakika 30 jioni ya Julai haiendi kumwona mrushaji isiyemjua. Inakwenda kukaa pazuri, watoto wakachezacheza, fataki zikapigwa mwisho wa mechi. Ukiiondoa nyumba yenye mambo hayo, kinachobaki ni mchezo mtupu wa wachezaji wasio na majina. Tena ni mchezo mtupu katika eneo ambalo kusini yake kuna timu za ligi kuu za Chicago, Cubs na White Sox, na kaskazini yake, umbali unaokaribia ule wa Chicago, kuna nyingine, Milwaukee Brewers.

Mpango wa awali ulikuwa wa uwanja wa kudumu, ambao mji ungeujenga kwa kutegemea pia fedha za jimbo. Uwanja huo haukuwepo msimu wa kwanza ulipoanza. Timu iliombaomba uwanja wa kuanzia ng'ambo ya mpaka, Kenosha, kisha ikahamia Zion kwenye kiwanja cha muda chenye majukwaa ya kuunganishwa. Msimu wa pili ulipofika, uwanja wa kudumu ulikuwa bado ni mchoro. Mtu anaweza kusema kwamba mashabiki wa kweli hawajali viti. Pengine hawajali, lakini mdhamini anajali, kampuni inayotaka kukodisha chumba cha wageni inajali, na mwuza bia anajali sana. Kiwanja cha muda hakikupunguza mapato kwa sehemu ndogo; kilifuta karibu mikondo yote ya mapato ambayo hesabu ya timu ilikuwa imejengwa juu yake, huku mikondo ya matumizi ikibaki ileile.

Kutoka basi hadi ndege

Pigo la pili halikutoka Zion. Mwishoni mwa 2010 timu nne za Northern League, yaani Fargo-Moorhead, Winnipeg, Kansas City na Gary, ziliihama ligi na kujiunga na ligi huru nyingine, American Association. Rockford ikaenda Frontier League, nayo ligi huru. Schaumburg Flyers, klabu ambayo uongozi wake ulihusiana na ule wa Fielders, ikapoteza uwanja wake kwa sababu ya madeni ya pango. Joliet nayo ikapata wenye timu wapya na jina jipya, na timu hiyo mpya ikachagua Frontier League. Fielders wakabaki peke yao wakishikilia jina la ligi isiyo na timu nyingine.

Mabaki hayo yaliunganishwa na ligi mbili nyingine zilizokuwa na shida zao, Golden League ya magharibi na United League ya Texas, ikazaliwa North American League ya mwaka 2011. Katika karatasi ilikuwa ligi ya bara zima. Katika maisha ya kila siku ya Fielders ilimaanisha kwamba wapinzani wao wa kawaida sasa walikuwa Calgary na Edmonton huko Kanada, Chico ya California, Yuma ya Arizona, ambako Jose Canseco, nyota wa zamani wa ligi kuu, alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, na Maui, kisiwa cha Hawaii katikati ya Bahari ya Pasifiki. Timu iliyokuwa ikishindwa kulipa pango la kiwanja cha muda ililazimika sasa kusafirisha watu zaidi ya 20, mizigo yao na magongo yao kwa ndege.

Sehemu hii ya kisa hupitwa haraka na wanaokisimulia, nami nadhani wanakosea. Gharama ya timu ndogo inatulia kwa sababu ya basi. Basi linaondoka usiku baada ya mechi, wachezaji wanalala vitini, alfajiri wako mji mwingine, na usiku mmoja wa hoteli umeokolewa. Ligi huru zilizodumu Marekani zimedumu kwa kuheshimu umbali wa basi. Aliyekubali kuingia ligi yenye Maui ilhali anatoka Illinois alikuwa na chaguo jingine moja, nalo ni kusimama msimu mzima mpaka uwanja ujengwe. Kusimama kungemgharimu mashabiki, na kungekuwa ni kukiri hadharani kwamba uwanja hautakuja karibuni. Akachagua kucheza.

Nani alimwachia nani

Madai ya pande mbili yanajulikana kwa sura yake ya jumla, maana yaliishia mahakamani. Mji ulidai kodi ya pango na malipo mengine ambayo klabu haikutoa. Klabu ilijibu kwamba haikupewa uwanja iliokubaliana kupewa, na kwamba bila uwanja isingeweza kupata mapato ya kulipia chochote. Ukizisoma hoja hizi bila kuegemea upande, utaona jambo la ajabu: zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja. Klabu haikulipa kwa kuwa uwanja haukujengwa, na mji ukasitasita kuingia zaidi katika uwanja kwa kuwa mpangaji hakulipa. Kila upande ulikuwa ukingoja wa pili aanze, na makubaliano hayakuwa na tarehe ambayo mtu wa tatu angeweza kuinyooshea kidole na kusema: ikifika siku hii hakuna msingi uliomwagwa, timu haichezi na mji haudai.

Siwalaumu sawasawa. Viongozi wa Zion walikuwa na udhuru wa njaa, na mwenye njaa hana miiko; mji uliopoteza kinu chake na usioweza kuugusa ufuko wake ulipoletewa timu, jina la Hollywood na mchoro wa uwanja, kukataa kungehitaji ushupavu ambao wapiga kura huwa hawausamehi. Wenye timu hawakuwa na udhuru huo. Wao ndio waliojua, kwa kazi yao, kwamba timu huru bila uwanja haijilipi, na wao ndio waliosaini mikataba ya wachezaji. Mwajiri anayeajiri akijua kwamba mshahara utatokana na jengo ambalo halijaanza kujengwa anacheza kamari, na waliowekwa mezani katika kamari hiyo ni vijana waliokuwa wamelala kwenye nyumba za kupanga wakingoja hundi ya nusu mwezi.

Turudi basi kwenye mechi ya Yuma, kwa maana sasa inasomeka vingine. LaCock na wachezaji wake hawakuwa na silaha nyingi. Wangeweza kukataa kucheza, lakini mchezaji wa ligi huru anayegoma anahatarisha kuvunja mkataba na kupoteza hata kile anachodai, na skauti hatamwona akiwa kitandani. Wangeweza kushitaki, lakini kesi huchukua muda mrefu kuliko msimu. Walichofanya ni kuingia uwanjani, kutimiza mkataba kwa herufi zake, na kuwapa watazamaji bidhaa ambayo kila mwenye macho angeona kwamba si ile iliyouzwa. Mrushaji aliyesimama kwenye nafasi ya mlinzi wa kati anadaka mpira wa chini kwa woga, kwa kuwa mkono wake ndio mtaji wake wote. Mlinzi anayerusha kutoka kilimani, yaani kwenye kichuguu anaposimama mrushaji, anarusha taratibu, mpira unakwenda mnyoofu, na wapigaji wa upande wa pili wanauona mkubwa kama embe. Ilikuwa mechi halali kwa kanuni zote za besiboli. Nakiri kwamba naipenda kuliko mgomo wa kawaida, kwa kuwa iliuweka uwanjani ukweli ambao taarifa za klabu zilikuwa zikiukwepa, yaani kwamba timu ilikuwepo kwa jina tu.

Baada ya hapo kikosi kilibomoka. Wachezaji wengi waliondoka, ratiba ikavurugika, na 2011 ukawa msimu wa mwisho wa Fielders. North American League yenyewe ilicheza mwaka mmoja zaidi kisha nayo ikafungwa.

Kinachonisaidia kupima lawama ni yaliyotokea kwa majirani. Schaumburg nayo ilipoteza timu kwa madeni, tena ya klabu yenye uhusiano na ileile iliyokuwa Zion, lakini uwanja wake wa kudumu, uliofunguliwa mwaka 1999, ulibaki umesimama. Mwaka 2012 timu mpya, Boomers, iliingia humo chini ya wenye timu wengine. Joliet, ambayo uwanja wake ulifunguliwa mwaka 2002, ilikuwa imekwisha kuwapokea Slammers mwaka mmoja kabla. Katika miji yote miwili aliyeshindwa aliondoka na nyumba ikapangishwa kwa mwingine. Zion hapakuwa na nyumba ya kupangisha. Mwekezaji mwingine angekuta kiwanja tupu magharibi ya mji, mji wenye kesi mezani na usio tayari kuahidi tena. Upande wa ziwani, kazi ya kukibomoa kinu iliyoanza mwaka 2010, mwaka uleule wa msimu wa kwanza wa Fielders, iliendelea, na mafuta yaliyotumika yakaja kuhamishiwa kwenye mapipa 61 ya chuma na zege. Mapipa hayo yangali yamesimama kando ya maji.